Mwongozo kamili: kuchagua mpango wa ulaji unaoufaa mwili wa mwanamke

Chukua wanawake watatu. Wa kwanza ana miaka 28 na hedhi yake hutoka nyingi kila mwezi. Wa pili ananyonyesha mtoto wa miezi minne. Wa tatu ana miaka 56, hedhi ilishakoma. Wote wamesikia sifa za keto, mlo wa wanga kidogo sana na mafuta mengi, na wote wanataka kuanza Jumatatu. Wa kwanza anaweza kupungua kilo kadhaa na bado akashinda amechoka, kwa sababu kinachomsumbua ni upungufu wa damu. Wa pili anaweza kujiweka hatarini kabisa. Wa tatu ana mambo mazito kuliko kilo, nayo ni mifupa na mishipa ya moyo.

Ndiyo maana swali la "mlo gani ni bora" halijibiki mpaka ijulikane anayeuliza ni nani na mwili wake uko katika kipindi gani cha maisha. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo: kwanza wewe, kisha mpango, kisha namna ya kuuanza bila kujiumiza.

Hatua ya 1: Andika lengo moja linalopimika

"Nataka kupungua" haitoshi. Andika kitu ambacho hata mtu mwingine anaweza kukipima: presha ya juu ishuke kutoka 142 hadi chini ya 130, himoglobini ifike 12, hedhi iliyopotea irudi, tumbo liache kujaa gesi kila jioni, kiuno kipungue sentimita tano. Lengo likiwa moja, kuchagua kunakuwa rahisi, kwa kuwa kila mpango una jambo unalolifanya vizuri na jingine usiloliweza. Ukiweka malengo manne utachanganya mipango mitatu, na mwishowe hutajua kilichosaidia ni kipi.

Chini ya lengo andika hali yako ilivyo: hedhi inakuja au haiji, unatafuta mtoto, una mimba, unanyonyesha, umekaribia kukoma hedhi au umeshakoma. Andika pia kila dawa unayotumia, hata vidonge vya uzazi wa mpango na virutubisho. Ukienda kwa daktari au mtaalamu wa lishe, nenda na karatasi hiyo.

Hatua ya 2: Pima kabla hujabadili chochote

Usipojua ulikoanzia, hutajua kama umesogea. Vipimo vya msingi ni presha, sukari, kolesteroli na aina zake, na picha kamili ya damu. Kwa mwanamke anayepata hedhi, omba pia kipimo cha feritini, yaani akiba ya madini ya chuma mwilini. Himoglobini ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita kwa mwanamke asiye na mimba, huo ni upungufu wa damu. Lakini akiba inaweza kukauka muda mrefu kabla himoglobini haijashuka. Shirika la Afya Duniani huhesabu feritini iliyo chini ya mikrogramu 15 kwa lita kuwa ni upungufu kwa mtu mzima asiye na maambukizi. Mwanamke wa namna hii huambiwa damu yake iko sawa, ilhali anahema akipanda ngazi. Kumwekea mlo wa kujinyima juu ya hali hiyo ni kumwongezea mzigo.

Pima kiuno pia. Kwa wanawake, hatari ya magonjwa ya moyo na kisukari huanza kupanda kiuno kikizidi sentimita 80, na huwa kubwa zaidi kikizidi 88. Mara nyingi utepe hukuambia mengi kuliko mizani, hasa baada ya miaka 50, wakati mafuta yanapohamia tumboni hata kwa mtu ambaye uzito wake haukubadilika.

Kuna vipimo viwili zaidi vinavyosahaulika. Ukishuku kwamba ngano inakudhuru, pima ugonjwa wa siliaki, ambapo gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, huufanya mwili uushambulie utumbo wake, kabla ya kuacha vyakula vyenye gluteni. Ukishaacha, kipimo cha damu kinaweza kutoka safi ilhali ugonjwa upo. Na kama una kisukari au ugonjwa wa figo, utendaji wa figo ujulikane kwanza, maana baadhi ya mipango tutakayoitaja ina potasiamu nyingi au protini nyingi.

Ikiwa umewahi kupitia ugonjwa wa ulaji, iwe kujinyima hadi kukonda kupita kiasi au kula sana na kujitapisha, usianze kuhesabu kalori wala kufunga ukiwa peke yako. Tafuta mtaalamu akusimamie tangu siku ya kwanza. Ugonjwa huo hurudi kirahisi kupitia mlango wa mlo wenye masharti.

Hatua ya 3: Ijue mipango yenyewe

Ulaji wa Mediterania

Huu ndio wenye ushahidi mzito kuliko mingine yote. Ulianza kuzungumzwa sana baada ya mtafiti Mmarekani Ancel Keys kuanzisha utafiti wa nchi saba mwaka 1958, akilinganisha vyakula na magonjwa ya moyo. Baadaye Hispania ilifanya jaribio kubwa liitwalo PREDIMED, lenye watu 7,447 waliokuwa katika hatari ya ugonjwa wa moyo, zaidi ya nusu yao wakiwa wanawake. Waliopewa ulaji huu pamoja na mafuta ya zeituni au lozi na njugu nyingine za miti walipata shambulio la moyo, kiharusi au kifo cha moyo kwa takriban asilimia 30 pungufu kuliko walioshauriwa kupunguza mafuta. Ripoti ya kwanza ya mwaka 2013 iliondolewa kwa sababu ya kasoro katika kuwagawa washiriki. Takwimu zikachambuliwa upya na kuchapishwa tena 2018, na matokeo yakabaki karibu yaleyale. Mwaka 2023 jarida la Heart lilichapisha uchambuzi wa tafiti 16 zenye wanawake zaidi ya 700,000: waliouzingatia zaidi ulaji huu walikuwa na magonjwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 24 pungufu. Tafiti za namna hiyo ni za kufuatilia watu, kwa hiyo hazithibitishi kwamba chakula peke yake ndicho kilicholeta tofauti. Hata hivyo zinaelekea upande uleule lilikoelekea jaribio.

Sahani yake ina mboga nyingi, maharage, dengu au kunde karibu kila siku, nafaka zisizokobolewa, matunda, samaki mara mbili kwa wiki au zaidi, mtindi na jibini kidogo, na nyama nyekundu mara chache. Mafuta makuu ni ya zeituni.

Hapa wengi huteleza. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta yoyote kina takriban kalori 120. Katika PREDIMED walilenga vijiko vinne au zaidi kwa siku, ambavyo ni kama kalori 480. Mafuta hayo yalichukua nafasi ya siagi, krimu, nyama za kusindikwa na vitafunio vya dukani. Ukiyamimina juu ya mlo uleule wa zamani utaongezeka uzito na kudhani umedanganywa. Kwa hiyo kila unapoingiza kitu, taja unachokitoa. Lozi kiganja kimoja, ambazo ni kama gramu 30, ziingie, na biskuti za saa kumi zitoke.

Divai ni sehemu ya mapokeo ya ulaji huu, lakini usianze kunywa kwa ajili ya afya. Pombe huongeza hatari ya saratani ya matiti hata kwa kiasi kidogo, na faida ya ulaji huu unaipata vizuri bila tone lake.

DASH

Jina hili ni la mpango uliotengenezwa na watafiti wa Marekani mahususi kwa kushusha presha. Jaribio la kwanza lilichapishwa 1997 likiwa na watu wazima 459. Kwa wenye presha ya kupanda, namba ya juu ilishuka kwa wastani wa zaidi ya 11, na mabadiliko yalianza kuonekana ndani ya wiki mbili. Jaribio la 2001 lilionyesha kwamba ukipunguza na chumvi, inashuka zaidi.

Kwa mtu anayekula kalori 2,000, mpango unamtaka ale vipimo vinne hadi vitano vya mboga na idadi kama hiyo ya matunda kila siku, vipimo viwili hadi vitatu vya maziwa au mtindi wenye mafuta kidogo, nafaka nzima, mikunde, samaki au kuku, na chumvi isiyozidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, ukihesabu na ile iliyomo ndani ya mkate, supu za pakiti na vyakula vya kopo. Chumvi unayoibakiza iwe na madini joto.

Mwanamke aliyewahi kupata kifafa cha mimba au presha ya ujauzito autazame mpango huu kwa karibu. Hali hizo zikipita haziishi kabisa: hatari yake ya kupata presha ya kudumu na ugonjwa wa moyo miaka ya mbele ni kubwa kuliko ya mwenzake ambaye hakuzipata. Wenye ugonjwa wa figo, au wanaotumia dawa za presha zinazozuia potasiamu kutoka mwilini, wasianze bila daktari, kwani mlo huu una potasiamu nyingi.

Keto na mipango mingine ya kupunguza wanga

Keto ilianza kama tiba. Mwaka 1921 daktari Russell Wilder wa hospitali ya Mayo Clinic nchini Marekani aliipendekeza kwa wagonjwa wa kifafa, na hadi leo hutumika kwa watoto ambao dawa hazijawasaidia. Kwa kawaida wanga huwa chini ya gramu 50 kwa siku, wengine hushuka hadi 20, na nishati nyingi hutoka kwenye mafuta.

Kilo zinazotoka wiki ya kwanza kwa sehemu kubwa ni maji. Wanga uliohifadhiwa kwenye ini na misuli hushikilia maji kiasi cha mara tatu ya uzito wake, na akiba hiyo ikitumika, maji hutoka nayo. Baada ya hapo upungufu hutegemea kalori, kama mlo mwingine wowote. Mwaka 2018 Christopher Gardner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha jaribio la watu 609 lililodumu miezi 12. Waliopunguza wanga walipungua wastani wa kilo 6.0, waliopunguza mafuta kilo 5.3, na tofauti hiyo haikuwa na uzito wa kitakwimu.

Faida ya kweli ipo kwenye sukari. Mwenye kisukari cha aina ya pili akipunguza wanga mara nyingi huona sukari ikishuka haraka, na ndiyo sababu dawa zake lazima zirekebishwe mapema: insulini au vidonge vya kushusha sukari vikibaki kipimo kilekile, sukari inaweza kuanguka kwa hatari. Wanaotumia dawa za kisukari za kundi la gliflozini, kama empagliflozini na dapagliflozini, wasiingie keto kabisa bila ruhusa ya daktari, maana damu inaweza kujaa asidi hata sukari ikisoma kawaida. Kolesteroli mbaya nayo hupanda kwa baadhi ya watu, na kwa wengine hupanda sana. Ipime tena baada ya miezi mitatu.

Kwa mjamzito na anayenyonyesha jibu langu ni hapana. Kuna wanyonyeshaji walioripotiwa kulazwa damu ikiwa imejaa asidi baada ya kujinyima wanga. Na kwa anayetafuta mtoto, utafiti wa Marekani uliochapishwa 2018 uliwakuta wanawake waliokula wanga kidogo sana kabla ya mimba wakiwa na uwezekano wa asilimia 30 zaidi wa kupata mtoto mwenye kasoro za uti wa mgongo na ubongo. Katika nchi hiyo nafaka zimeongezwa asidi ya foliki, vitamini inayosaidia kuzuia kasoro hizo, tangu 1998, hivyo anayeziacha huiacha pia foliki.

Kufunga kwa saa

Mtindo uliozoeleka ni 16:8, yaani kufunga saa 16 na kula ndani ya saa nane. Mwingine ni 5:2, siku tano za kula kawaida na siku mbili za kula kidogo sana. Jaribio la China lililochapishwa 2022 katika New England Journal of Medicine lilichukua watu 139 wenye unene, wote wakapunguziwa kalori sawa, nusu yao wakala ndani ya saa nane tu. Baada ya mwaka, tofauti kati ya makundi haikuwa ya maana. Maana yake ni kwamba saa zinamsaidia yule ambaye zinamzuia kula ovyo usiku. Asiye na tatizo hilo huenda asione lolote.

Kwa mwanamke ninaongeza onyo moja. Ubongo ndio unaoamuru ovari zifanye kazi, na ukigundua kwamba nishati inayoingia ni ndogo kuliko inayotumika, huweza kupunguza amri hiyo. Hedhi huchelewa, kisha hupotea. Hii huwapata zaidi wenye mwili mwembamba, wanaofanya mazoezi mazito na wenye msongo wa mawazo. Anayefunga saa 16, akakimbia asubuhi tumbo tupu, kisha akala saladi saa saba mchana, ameweka masharti matatu kwa wakati mmoja. Ukitaka kujaribu, anza na saa 12, kutoka saa moja jioni hadi saa moja asubuhi, na usivuke 14 mpaka umeona mizunguko miwili ya hedhi imekuja kwa wakati wake.

Ulaji wa mimea

Hapa wamo wanaoacha nyama tu na wanaoacha kila kitokacho kwa mnyama. Faida zake zinaeleweka: nyuzinyuzi nyingi, kolesteroli ya chini, choo rahisi, na uzito unaoelekea kuwa mdogo. Mapengo yake yanaeleweka pia, na mengi yake yanaangukia palepale mwanamke alipo dhaifu: chuma, kalisi, madini joto, vitamini B12.

Utafiti wa Uingereza uitwao EPIC-Oxford, uliofuatilia karibu watu 55,000 kwa takriban miaka 18, uliripoti 2020 kwamba wasiokula kabisa kitu cha mnyama walivunjika nyonga mara 2.3 zaidi ya wala nyama. Sehemu ya tofauti ilielezwa na uzito mdogo na upungufu wa kalisi na protini. Kwa hiyo anayechagua njia hii ajipange kwa protini na kalisi tangu mwanzo, na ameze B12 bila kukosa. Upungufu wa B12 huchukua miaka kujitokeza, na unapojitokeza unaweza kuwa umeshaharibu mishipa ya fahamu. Foliki nyingi ya kwenye mboga inaweza kuficha dalili zake kwenye damu huku miguu ikianza kufa ganzi.

Mingine kwa ufupi

Kupunguza mafuta kuliwahi kuhubiriwa kwa nguvu. Jaribio la Marekani la Women's Health Initiative liliwachukua wanawake 48,835 waliokoma hedhi, na matokeo yake ya 2006, baada ya miaka minane, hayakuonyesha upungufu wa maana wa ugonjwa wa moyo, kiharusi wala saratani ya matiti. Kupunguza mafuta yote kwa jumla si kazi yenye tija. Kubadili aina ya mafuta ndiko kwenye faida.

Mpango wa FODMAP ya chini, yaani kupunguza aina za wanga zinazochacha tumboni na kuleta gesi, uliotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash nchini Australia, unamfaa mwenye tumbo linalouma, kujaa gesi na kubadilika choo mara kwa mara bila ugonjwa mwingine, hali inayowapata wanawake zaidi ya wanaume. Ni wa muda: unaondoa vyakula kwa wiki mbili hadi sita, unavirudisha kimoja kimoja, kisha unabaki umeacha vile tu vinavyokusumbua. Anayekwama kwenye sehemu ya kuondoa hupoteza nyuzinyuzi na kalisi bure.

Kuacha gluteni bila kuwa na siliaki wala dalili zozote hakuna faida iliyothibitika. Ulaji wa kale wa wawindaji, unaokataza nafaka, mikunde na maziwa, hupunguza kweli vyakula vya kusindikwa, lakini huondoa kalisi nyingi.

Juisi za kusafisha mwili na chai za kuharisha ziache kabisa. Ini na figo ndizo zinazosafisha mwili. Chai hizo hutoa maji na potasiamu, na kuharisha sana kunaweza kuzuia kidonge cha uzazi wa mpango kufyonzwa, ukapata mimba usiyoipanga.

Hatua ya 4: Linganisha mpango na kipindi chako

Ikiwa bado unapata hedhi na huna ugonjwa, Mediterania ndiyo ninayoipendekeza, na kipaumbele chako kiwe chuma. Mwanamke wa miaka 19 hadi 50 anahitaji miligramu 18 za chuma kwa siku, zaidi ya mara mbili ya mwanamume anayehitaji 8.

Mwenye PCOS, ambaye ovari zake hazipevushi mayai kwa mpangilio na homoni za kiume zimepanda, mara nyingi huambiwa keto ndiyo dawa. Mwongozo wa kimataifa wa 2023 kuhusu hali hiyo unasema hakuna mlo mmoja uliothibitika kuupita mwingine. Kwa wenye uzito uliozidi, kupungua asilimia 5 hadi 10 ya uzito kunaweza kutosha kurudisha upevushaji kwa baadhi yao. Kwa mwenye kilo 80, hizo ni kilo nne hadi nane. Basi chagua ule utakaoweza kuishi nao mwaka mzima.

Anayetafuta mtoto ameze mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku tangu anapoanza kujaribu hadi wiki ya 12 ya mimba. Ukishapata mimba, mpango wowote wa kupunguza uzito unasimama. Anayenyonyesha anatumia takriban kalori 330 hadi 500 zaidi kwa siku. Anaweza kupungua taratibu kwa kula vizuri, ila asifunge kwa saa nyingi.

Aliyekaribia au kukoma hedhi anapoteza kinga ya estrojeni. Kolesteroli mbaya hupanda na mifupa hupungua kwa kasi katika miaka ya mwanzo. Hapa Mediterania au DASH ndizo zenye akili, pamoja na kalisi miligramu 1,200 kwa siku baada ya miaka 50, protini ya kutosha na mazoezi ya kunyanyua uzito. Anayepunguza kilo bila mazoezi hayo hupoteza misuli na mfupa pamoja na mafuta. Mahitaji ya chuma hushuka hadi miligramu 8, kwa hiyo usiendelee kumeza vidonge vya chuma kwa mazoea.

Hatua ya 5: Ziba mapengo kabla hayajawa ugonjwa

Anza na chuma. Kikombe cha dengu zilizopikwa kina takriban miligramu 6.6, kiasi kinachoonekana kizuri, lakini chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida kuliko cha nyama na samaki. Kamulia limau juu ya dengu hizo, au kula chungwa au pilipili hoho mbichi katika mlo huohuo: vitamini C huongeza ufyonzaji. Chai na kahawa huuzuia. Zisogeze angalau saa moja mbali na mlo. Usichanganye kidonge cha chuma na cha kalisi, kimoja kiwe asubuhi na kingine jioni. Na usimeze chuma bila kipimo, kwani kikizidi kina madhara yake.

Kikombe cha maziwa kina karibu miligramu 300 za kalisi. Usiyetumia maziwa, tafuta ya soya yaliyoongezwa kalisi na uitikise chupa, maana kalisi hutuama chini. Dagaa wanaoliwa na mifupa ni chanzo kizuri sana. Spinachi ina kalisi kwenye karatasi, ila sehemu ndogo tu ndiyo inayofyonzwa kwa sababu ya oksaleti, kemikali ya majani hayo inayoishika kalisi. Majani ya jamii ya kabichi na brokoli hufanya kazi vizuri zaidi.

Asiyekula kitu cha mnyama: B12 daima. Asiyekula samaki, mayai wala maziwa: hakikisha chumvi yako ina madini joto, kwa ajili ya tezi ya shingo.

Hatua ya 6: Ingia kwa wiki nne

Wiki ya kwanza usipunguze kitu. Andika unachokula na saa, bila kujihukumu. Wiki ya pili ongeza mboga na mikunde, taratibu, na maji pamoja nayo. Nyuzinyuzi zikiingia kwa ghafla tumbo hujaa gesi na wengi huacha hapo. Wiki ya tatu badilisha mafuta na vinywaji: soda na juisi za sukari ndizo zinazotoka kwanza. Wiki ya nne ndipo uweke masharti ya mpango wenyewe, kama saa za kula au kiasi cha wanga.

Usishuke chini ya kalori 1,200 kwa siku bila usimamizi. Kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki kunatosha.

Hatua ya 7: Pima kwa kufuata mzunguko

Hapa ndipo wanawake wengi hukatishwa tamaa bila sababu. Siku chache kabla ya hedhi mwili hushikilia maji, na mizani inaweza kupanda kilo moja au mbili bila gramu moja ya mafuta kuongezeka. Ukijipima siku ya nane ya mzunguko, ukaja kujipima siku ya 26, utaona umeongezeka hata kama umefuata kila kitu. Linganisha siku ya tano ya mwezi huu na siku ya tano ya mwezi uliopita. Andika pia kiuno, usingizi, nguvu, choo, na tarehe ya hedhi ilipoanza. Presha ipime asubuhi ukiwa umekaa na kutulia dakika tano.

Baada ya wiki 12 rudia vipimo vya hatua ya pili. Lengo uliloliandika likisogea, endelea. Lisiposogea ilhali umefuata, mpango huo haukufai kwa lengo hilo, badilisha. Kama hukuweza kuufuata, tafuta ulio mwepesi zaidi, kwa sababu mlo usioshikika hauna nguvu yoyote hata ukiwa na tafiti mia nyuma yake.

Hatua ya 8: Dalili za kusimama

Simamisha mpango na umwone daktari ukikosa hedhi mara tatu mfululizo bila mimba, nywele zikianza kutoka kwa wingi, ukizimia au kusikia moyo ukienda mbio, ukivunjika mfupa kwa ajali ndogo, au ukijikuta unakwepa kula na watu kwa kuogopa chakula. Hedhi kupotea kwa sababu ya mlo si jambo la kungojea lijirekebishe: mifupa inapungua miezi yote hiyo, hata kwa msichana wa miaka 20. Kichefuchefu kikali, kupumua kwa kasi na maumivu ya tumbo kwa aliye kwenye keto ni dharura, usisubiri kesho. Ukigundua una mimba katikati ya mpango wowote, rudi kwenye ulaji kamili siku hiyohiyo, endelea na foliki, acha maini na vidonge vyenye vitamini A nyingi, na uende kliniki ukiwa na orodha ya kila kirutubisho ulichokuwa ukimeza.